Ini Lenye Mashimo ya Damu: Bakteria wa Paka kwa Wenye Upungufu wa Kinga

Si kila doa linaloonekana kwenye picha ya ini la mtu anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) ni saratani, wala si kila homa ndefu inayomkondesha ni kifua kikuu. Upo ugonjwa nadra unaofanana na hayo mawili, nao hutibika kwa vidonge vya bei nafuu. Unaitwa peliosisi ya ini, na kwa wagonjwa hawa husababishwa na bakteria aitwaye Bartonella henselae.

Bakteria huyu huishi katika damu ya paka, ambaye mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Viroboto humsambaza kutoka paka hadi paka, na kinyesi chao kikinasa kwenye kucha, mkwaruzo mmoja hutosha kumfikisha mwilini mwa binadamu. Mwenye kinga timamu huvimba tezi za kwapani au shingoni, kisha kwa kawaida hupona bila dawa. Hali ni nyingine kwa mtu ambaye seli zake za CD4 zimeshuka chini ya 100 katika mikrolita moja ya damu, au, kwa nadra zaidi, aliyepandikizwa kiungo. Kwao bakteria huvamia kuta za mishipa midogo ya damu na kuichochea ikue ovyo. Ini hufanya vijishimo vilivyojaa damu na kuvimba, pengine pamoja na bandama. Mgonjwa hupata homa, maumivu ya tumbo na kupungua uzito.

Peliosisi yenyewe ilikwisha kujulikana, hasa kwa watumiaji wa homoni za kujenga misuli. Ni mwaka 1990 ambapo watafiti wa Marekani walieleza ile ya wagonjwa wenye VVU na kuonyesha bakteria ndani ya ini lao.

Ugumu uko katika utambuzi. Baadhi ya wagonjwa hutokwa na vinundu vyekundu au vya zambarau kwenye ngozi, na katika nchi zetu, ambako saratani ya Kaposi si ngeni, jicho hukimbilia huko. Kulichoma ini sindano ili kupata kipande cha uchunguzi kwaweza kusababisha kuvuja damu kwingi. Penye kinundu cha ngozi, heri kikatwe hicho. Mtaalamu wa patholojia naye aambiwe kinachoshukiwa, kwa maana bakteria huyu huhitaji rangi maalumu ya Warthin-Starry ili aonekane kwa hadubini. Kumwotesha maabara huchukua wiki kadhaa, na sampuli nyingi hutupwa kabla ya hapo.

Tiba ni doksisaiklini au erithromaisini kwa muda usiopungua miezi 3, pamoja na dawa za kufubaza VVU. Dozi ikikatizwa mapema, ugonjwa hurejea. Penisilini haifai. Kotrimoksazoli, ambayo wagonjwa wetu wengi humeza kila siku kama kinga ya maradhi nyemelezi, haikuonekana kuzuia maambukizi haya. Hivyo kuitumia si sababu ya kuufuta ugonjwa huu katika orodha ya yanayoshukiwa.

Paka hana haja ya kufukuzwa nyumbani. Adhibitiwe viroboto, mchezo wa kucha na paka wachanga uepukwe, na kila mkwaruzo uoshwe mara moja kwa maji na sabuni.