Vichekesho vya Kutisha: Kicheko Hakifuti Kikomo cha Umri

Zipo filamu zinazochukua masimulizi ya muuaji aliyeficha uso, anayewawinda vijana mmoja baada ya mwingine, na kuyageuza kuwa mzaha. Mzazi anapoliona jalada lenye masihara, huenda akadhani kwamba filamu hiyo inawafaa watu wote nyumbani. Tunamshauri asiharakishe.

Mfano unaofahamika sana ni Scary Movie ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Keenen Ivory Wayans, ambayo huikejeli hasa Scream ya mwaka 1996. Mwanzoni, msichana anayekimbizwa na muuaji hufika penye vibao viwili, kimoja kikielekeza kwenye usalama na kingine kwenye kifo. Naye hufuata cha kifo. Mtu mzima hucheka kwa kuwa amekwisha kuona wahusika wengi wa filamu za kutisha wakikosea vivyo hivyo. Mtoto asiyezijua filamu hizo haupati mzaha huo; anachokiona ni kisu, damu na msichana anayeuawa.

Isitoshe, filamu hiyo ina matusi, dawa za kulevya na utani wa ngono. Nchini Marekani ilipewa daraja la R, yaani asiyetimiza miaka 17 sharti aandamane na mzazi au mlezi mtu mzima. Nchini Uingereza ilipewa 18.

Jina la filamu nalo halitoshi kuwa mwongozo. Scary Movie 3 ya mwaka 2003 ilipewa PG-13 nchini Marekani, daraja linalowatahadharisha wazazi wa watoto wasiofikia miaka 13. Mfululizo ni mmoja, madaraja ni mbalimbali.

Kabla ya kulipia filamu, zingatia yafuatayo:

1. Soma daraja la filamu yenyewe, si la nyingine yenye jina kama hilo. Nchini Kenya madaraja ni GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa wazazi, 16 na 18.

2. Soma maelezo ya maudhui. Neno "vichekesho" hueleza mtindo wa filamu, halielezi umri wa mtazamaji.

3. Weka nambari ya siri kwenye king'amuzi au akaunti ya filamu inayotumiwa na watoto.

4. Ikiwa filamu haina daraja, itazame wewe kwanza.

Tahadhari kabla ya hatari.