Usimamizi wa Afya ya Mifupa na Madini kwa Wagonjwa wa Usafishaji Damu: Ulinganisho wa Watoto, Watu Wazima na Wazee

1.0 Utangulizi

Figo zinaposhindwa kufanya kazi, mashine ya kusafisha damu huchukua nafasi yake katika kuondoa maji na takamwili, lakini haichukui nafasi yake katika kutunza mifupa. Figo ndizo zinazoibadili vitamini D iwe katika umbo linalotumika mwilini, na ndizo zinazotoa fosfeti iliyozidi kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anaweza kuhudhuria kila kipindi cha usafishaji na bado mifupa yake ikadhoofika huku mishipa yake ya damu ikikakamaa. Miongozo ya kimataifa ya KDIGO ya mwaka 2009, iliyohuishwa mwaka 2017, huyatazama matatizo ya mifupa, madini na mishipa kuwa ni ugonjwa mmoja. Makala haya yanafafanua usimamizi wa ugonjwa huo katika makundi matatu ya umri. Hoja kuu ni kwamba kipimo kilekile cha maabara hubeba maana tofauti kulingana na umri wa mgonjwa.

2.0 Chimbuko la Tatizo

Fosfeti inapolundikana na vitamini D inapopungua, kiwango cha kalsiamu katika damu huelekea kushuka. Tezi za parathiroidi hujibu kwa kumwaga homoni yake, PTH, ambayo huchota kalsiamu kutoka katika mifupa. Hali hiyo ikidumu, tezi hukua na mifupa huliwa kidogokidogo.

Ukubwa wa tatizo huonekana katika hesabu. Mtu mzima anayekula miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku hufyonza takribani asilimia 60, yaani miligramu 4,200 kwa wiki. Kipindi cha saa 4 cha usafishaji huondoa takribani miligramu 800. Vipindi 3 kwa wiki huondoa 2,400. Vipindi 2 huondoa 1,600 tu. Nchini Kenya, Bima ya Taifa ya Hospitali (NHIF) iligharimia vipindi 2 kwa wiki. Kwa mgonjwa asiyemudu kipindi cha tatu, pengo linalobakia la miligramu 2,600 hutegemea lishe, dawa za kunasa fosfeti tumboni, na mkojo kidogo ambao figo zake bado zinatoa.

3.0 Watoto na Vijana

Mfupa wa mtoto unajengwa, hautunzwi tu. Mtoto huhitaji kalsiamu na fosfeti ya kutosha ili arefuke, hivyo viwango vyake vya kawaida huwa juu kuliko vya mtu mzima. Kwa mfano, fosfeti ya milimoli 2.0 kwa lita ni ya kawaida kwa mtoto mchanga, ilhali kwa mtu mzima ni dalili ya hatari. Daktari anayesoma majibu ya mtoto kwa kipimo cha watu wazima anaweza kumnyima madini anayoyahitaji, na matokeo yake ni matege, maumivu ya mifupa na udumavu.

Kwa hiyo KDIGO hupendekeza kalsiamu ya mtoto ibaki katika kiwango cha umri wake, na uchaguzi wa dawa ya kunasa fosfeti uzingatie kalsiamu iliyomo katika damu. Urefu wa mtoto mchanga hupimwa angalau kila baada ya miezi 3, na wa mtoto mkubwa angalau mara moja kwa mwaka. Futi ya kupimia, ambayo haina gharama kubwa, ni kipimo cha afya ya mifupa sawa na vipimo vya damu. Muda nao ni haba: sahani za ukuaji zikishafunga, urefu uliopotea haurudi.

4.0 Watu Wazima

Kwa mtu mzima, hatari kubwa huhamia kwenye moyo na mishipa. Kalsiamu inayozidi mahitaji ya mfupa huganda katika kuta za ateri. Ndiyo maana mwongozo wa 2017 unashauri kupunguza dawa za kunasa fosfeti zenye kalsiamu, na kutumia maji ya usafishaji yenye kalsiamu ya milimoli 1.25 hadi 1.50 kwa lita. PTH huachwa kati ya mara 2 na 9 ya ukomo wa juu wa kawaida, na mwelekeo wa vipimo kadhaa huzingatiwa kuliko jibu moja.

Katika lishe, chanzo cha fosfeti kina uzito kuliko jumla yake. Fosfeti ya maharage hufyonzwa kwa sehemu tu, kwa kuwa imefungwa katika umbo ambalo utumbo wa binadamu hauwezi kulivunja vizuri. Ile inayoongezwa kiwandani katika soseji na soda nyeusi za kola hufyonzwa karibu yote. Kumkataza mgonjwa maharage huku akiendelea na soda ni kumwondolea protini bila kumpunguzia madhara.

5.0 Wazee

Kwa mzee, hasa mwenye kisukari, kosa la kawaida ni kutibu kupita kiasi. PTH ikishushwa mno, mfupa huacha kujijenga upya, hauwezi tena kupokea kalsiamu, na huvunjika kwa urahisi. Masharti makali ya chakula nayo humkondesha mtu ambaye misuli yake tayari imepungua, hivyo huongeza uwezekano wa kuanguka. Dawa za mifupa zinazotumiwa na wazee wengine hudai tahadhari: denosumabu inaweza kushusha kalsiamu ya mgonjwa wa usafishaji damu kiasi cha kuhatarisha maisha.

6.0 Hitimisho

Lengo la tiba hubadilika kadiri umri unavyosonga: kukuza mfupa wa mtoto, kulinda mishipa ya mtu mzima, na kumkinga mzee dhidi ya kuvunjika na dhidi ya tiba yenyewe. Maabara inayotoa majibu kwa viwango vya umri mmoja tu huwapotosha madaktari wa makundi mengine mawili. Hatua ya kwanza, isiyohitaji mashine mpya, ni kila jibu la maabara kuandikwa pamoja na kiwango cha kawaida cha umri wa mgonjwa husika.