Flashi imevunjika shingo? Usiitupe, usiilazimishe

Umeigonga flashi kwa goti ikiwa kwenye laptopu. Imepinda, haisomi, na projekti ya muhula mzima imo ndani. Pole, komredi. Tulia kwanza.

Faili zako haziko kwenye kile chuma unachochomeka. Zimo kwenye chipu nyeusi ndani, ambayo hutunza data hata bila umeme. Chuma ni mlango tu: njia nne, mbili za umeme, mbili za data. Mara nyingi kinachong'oka ni mlango.

Kwa hivyo usiichomeke tena huku umeikandamiza kwa kidole eti ishike. Njia hizo zikigusana, unaweza kuunguza kilichobaki. Gluu pia, wacha. Mtafute fundi anayelehemu bodi za simu. Akiunganisha waya nne vizuri, unanakili faili, basi. Akitaka kuifomati, kataa. Unataka faili, si flashi.

Chipu yenyewe ikipasuka, hiyo imeenda. Na vile viflashi vyembamba vya kipande kimoja huwa vigumu zaidi kuokoa.

Ndio maana kazi ya maana hukaa mahali pawili. Leo kabla ulale, jitumie nakala kwa baruapepe.