Picha za Mikoko ya Gazi

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii niliifundishwa utotoni, lakini maana yake niliipata hasa usiku mmoja kijijini Gazi, huko Msambweni.

Msomaji mpendwa, mikoko ya Gazi ilikatwa mno katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda, pakabaki sehemu tupu. Miaka ya 1990 ikaanza kupandwa upya, wenyeji wakishirikiana na wataalamu wa utafiti wa bahari. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja, mradi uliochukua dhamana ya hekta 117. Mapato ya hewa kaa yakasaidia maji na shule.

Mimi nikataka kuwatunuku wazee filamu ya kazi yao. Picha za setilaiti za Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa 1972, hutolewa bure tangu 2008. Nilichagua 40 zisizozibwa na mawingu, tangu miaka ya 1980 hadi 2023, nikazipa majina: picha1, picha2, hadi picha40. Kisha nikatumia FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, kuziunganisha ziwe faili moja ya video. Televisheni yetu hupitisha picha 25 kwa sekunde; kwa mwendo huo filamu yangu ingekwisha kabla mtu hajapepesa macho mara mbili. Nikaweka picha mbili kwa sekunde, ikawa ya sekunde 20.

Baada ya sala ya Isha tukaionyesha ukutani. Mikoko ikaonekana, ikapotea, ikarudi, na mwisho ikabaki ardhi tupu! Baraza likanyamaza. Kijana mmoja akasema, "Kumbe tulipanda bure?"

Mzee mmoja, aliyepanda miche kwa mikono yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii mikoko niliyopita chini yake leo asubuhi ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya, nikakagua orodha. Kumbe niliiachia kompyuta ipange majina herufi kwa herufi, nayo ikaiweka picha10 mbele ya picha2, kwani 1 hutangulia 2. Basi picha5 hadi picha9, zilizopigwa kabla miche haijakua, zikaangukia mwisho kabisa. Kila picha ilikuwa ya kweli, lakini mpango wake ulisema uwongo.

Dawa yake ilikuwa sifuri tu: picha01, picha02, mpaka picha40. Tena nikaandika mwaka juu ya kila picha, ili hata asiyejua kompyuta aweze kunisahihisha.

Ijumaa iliyofuata nikarudi kuomba radhi na kuionyesha upya. Safari hii kijani kilienea hadi mwisho. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema, "Sasa umesema tunayoyajua."

Ndugu zangu, sisi Waislamu twajua kwamba hadithi haipokewi mpaka itazamwe nani alimpokea nani. Na picha nazo ni ushahidi. Anayezipanga ameshika amana ya watu, na yampasa kuzihesabu mara mbili kabla hajazima taa.