Baiolojia Chuo Kikuu: Njia Huanzia Kidato cha Pili

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hutuuliza: "Mwanangu anapenda Baiolojia. Atapataje shahada? Na akiipata, atakuwa daktari?" Mwezi huu tunajibu, maana wengi huuliza wakati njia imekwisha kufungwa.

Baiolojia ni elimu ya viumbe hai. Hapa Morogoro hatuhitaji kwenda mbali kuiona. Katika misitu ya Uluguru yuko ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Na hapa mjini, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), limefundisha panya buku. Panya hao wamenusa makohozi, wakasaidia kugundua kifua kikuu ambacho darubini ilikuwa haikukiona.

Masharti ya kuingia

Kwanza, mtoto afaulu kidato cha nne, kisha asome mchepuo wenye Baiolojia: Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), au Kemia, Baiolojia na Jiografia (CBG). Kidato cha sita apate pointi zisizopungua 4 katika masomo mawili yanayotakiwa. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa hiyo D mbili zinafikia kiwango cha chini. E mbili hazitoshi. Chuo chaweza kudai zaidi. Aliyesoma stashahada inayohusika naye anaweza kuomba, akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi.

Angalieni hapa, wazazi: michepuo yote miwili ina Kemia. Mtoto anayeiacha Kemia baada ya kidato cha pili kwa sababu "ni ngumu" anajifungia mlango bila kujua.

Akiwa chuoni

Shahada huchukua miaka 3 na krediti zisizopungua 360. Krediti 1 ni kama saa 10 za kazi: darasani, maabarani na kujisomea. Atasoma seli, urithi, mimea, wanyama, vijidudu, mazingira, na pia takwimu. Atafanya mazoezi ya vitendo na utafiti wake mwenyewe. Ili ahitimu, wastani wake usipungue 2.0 katika kipimo cha 5.0.

Majina ya shahada hutofautiana. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya Baiolojia. SUA ina ya Bioteknolojia na Sayansi za Maabara. Someni masharti ya kila moja kabla ya kuomba.

Je, ni daktari?

Hapana. Shahada hii haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Udaktari ni kozi nyingine: unadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, miaka 5 ya masomo, na mwaka 1 wa mafunzo hospitalini. Mhitimu wa baiolojia anaweza kufanya utafiti, kuhifadhi misitu na wanyama, au kufundisha akiwa na mafunzo ya ualimu.

Basi tusingoje matokeo ya kidato cha sita. Mwenye mtoto kidato cha pili akae naye jioni hii, amwulize anataka kuwa nani, waangalie pamoja masomo yanayotakiwa. Mazungumzo hayo hayana ada.