Neno la Kiingereza Hutambulikana kwa Jirani Zake

Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi viwandani, bandarini na maofisini hupewa karatasi za Kiingereza wazisome na kuzitia sahihi. Wengi wao wamesoma, na maneno yaliyomo si mageni kwao. Hata hivyo hukosea, kwa kuwa wamejifunza maana moja tu ya kila neno, nayo huibeba kila mahali kama mtu avaaye koti moja kwenye jua na kwenye mvua. Leo twapenda kulizungumza jambo hili, maana linagusa mshahara wa mtu, na pengine uhai wake.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini mikataba mingi ya kazi ingali inaandikwa kwa Kiingereza, na vibandiko vya mapipa na mitambo kadhalika. Basi hatuna budi kujua namna ya kukisoma.

Kwanza tuseme kwamba ujuzi wenyewe tunao tayari. Mtu akituambia, "Juma alipanda mnazi," hakuna awezaye kuapa kama Juma alikwea au kama alitia mche ardhini. Lakini akiongeza, "akaangua madafu," hata mtoto hujua kwamba alikwea. Akiongeza, "akaumwagilia maji," twajua kwamba ni mche. Vivyo hivyo twasema kukata tiketi, kukata kiu, kukata tamaa na kukata rufani, wala hakuna atafutaye kisu. Maneno ya jirani ndiyo yanayotufungulia maana. Wataalamu wa lugha huyaita muktadha. Mswahili huyatumia kutwa kucha, ila afikapo kwenye Kiingereza huusahau ujuzi wake na kulikodolea macho neno moja peke yake.

Tutazame sentensi iliyo ya kawaida katika mikataba: "Either party may terminate this contract by giving 28 days' notice." Mwanachama wetu akiliona neno "party" huwaza chama; kijana wa mjini huwaza karamu. Lakini neno la kwanza, "either," lasema kwamba wahusika ni wawili na kwamba yasemwayo yamhusu kila mmoja wao. Neno "contract" laonyesha kwamba wawili hao wamepatana. Basi "party" hapa ni upande mmoja wa mkataba, yaani mwajiri au mfanyakazi. Na "notice," ambalo ubaoni ni tangazo, hapa limefuatana na kutoa na hesabu ya siku. Kwa hiyo ni taarifa ya kuachana, itolewayo kabla ya kuachana kwenyewe.

Kosa la hapo lina gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yataka taarifa isiyopungua siku 28 kwa mwenye kulipwa kwa mwezi, ukipita mwezi wa kwanza wa ajira. Sheria hiyo hiyo yamruhusu mwajiri kukata katika malipo ya mwisho fedha za siku za taarifa ambazo mfanyakazi amekataa kufanya kazi. Mtu aliyedhani kwamba "notice" ni karatasi ya kubandika ukutani aweza kuondoka siku ile ile, kisha akashangaa kuona malipo yake yamepungua.

Neno lingine ni "redundant." Katika mazungumzo ni kitu cha ziada kisichohitajiwa. Mfanyakazi akilikuta katika barua yake aweza kudhani kwamba ametukanwa, au kwamba amefukuzwa kwa uvivu, naye kwa aibu akaondoka kimya. Kumbe katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 neno "redundancy" ni kupoteza kazi pasipo hiari wala kosa la mfanyakazi. Tena lina haki zake: taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Hapa twajifunza kwamba katika karatasi ya sheria jirani wa neno hakai lazima katika sentensi ile ile. Mara nyingi hukaa mwanzoni, katika kifungu cha tafsiri. Yafaa kukisoma kabla ya vingine.

Yapo maneno ya Kiingereza yenye maana mbili zinazopingana. "Oversight" ni usimamizi, tena ni kupitiwa. Ukisoma "under the oversight of the foreman," kuna mtu wa kusimamia, yaani nyapara, basi ni usimamizi. Ukisoma "by an oversight your overtime was not paid," kuna jambo lililostahili kufanywa na halikufanywa, basi ni kupitiwa, na fedha zako zi haki yako. "Sanction" nalo ni kuidhinisha au kuadhibu. Meneja aki-"sanction" malipo, ameyakubali. Lakini mwaka 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoweka "sanctions" juu ya Rhodesia, liliiwekea vikwazo. Tazama kilichofuata neno: ni malipo yanayongoja kibali, au ni mkosaji?

Viungo navyo visidharauliwe. Katika sentensi "The old foreman was lenient, but the new one is stringent," asiyelijua neno la mwisho asitupe karatasi. Kiungo "but" ni "lakini". Chasema kwamba wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mpole, basi wa pili ni mkali.

Lakini tutahadhari na kulipasua neno lenyewe tukidhani kwamba maana yote imo ndani yake. Tumefundishwa kwamba "in" mwanzoni mwa neno hukanusha, kama "incorrect" ambalo ni "si sahihi." Mtu akiliona pipa lililoandikwa "inflammable" aweza kudhani kwamba haliwaki moto, akawasha sigara kando yake. Kumbe neno hilo latokana na Kilatini, na maana yake ni chenye kuwaka upesi. Hatari hiyo iliwafanya Wamarekani wa shirika la kuzuia moto, katika miaka ya 1920, kuhimiza litumike "flammable" mahali pake. Aliyetazama mchoro wa ndimi za moto uliomo katika kibandiko, na maneno yanayokataza moto karibu, ameokoka.

Na tunapoandika wenyewe, njia ni ile ile. Kiswahili husema "kuazima" kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea, Kiingereza hutenga "lend" na "borrow." Jiulize kitu chatoka kwa nani kwenda kwa nani, ndipo uchague. Hali kadhalika mzee aliyetimiza umri wa kupumzika asiandike "I resign," ambayo ni kujiuzulu, ikiwa nia yake ni "retire," yaani kustaafu. Maneno hayo mawili hayafungui mlango mmoja.

Hatusemi kwamba kukisia kwatosha. Hu na Nation, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2000, waliona kwamba msomaji ahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili aielewe vema bila msaada. Yaani katika maneno 100, mageni yasizidi mawili hivi. Yakizidi sana, jirani nao ni wageni, na mgeni hawezi kumtambulisha mgeni mwenziwe. Hapo fungua kamusi, kama ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996. Wala usishike maana ya kwanza uionayo. Zisome zote, kisha irudie sentensi uone ni ipi inayokaa.

Basi, ndugu wafanyakazi, twawausia hivi. Soma sentensi hadi mwisho kabla ya kulihukumu neno. Isome tena pamoja na ile iliyotangulia na ile iliyofuata. Weka neno la Kiswahili mahali pa lile la Kiingereza, utazame kama habari yasimama. Ikiyumba, uliza tawini, uliza kiongozi wa chama cha wafanyakazi, uliza hata kijana wako asomaye sekondari. Kuuliza si aibu. Na hadi utakapojibiwa, kalamu ikae mfukoni, kwa maana sahihi ikishatiwa, kusema "sikuelewa" ni utetezi dhaifu mno.