Jicho Jekundu Lisilopona: Kwa Nini Upigwe Picha ya Kifua?

Leo tunazungumzia jambo linalowashangaza wengi. Mtu amekwenda hospitali kwa ajili ya jicho, naye daktari anamtuma akapigwe eksirei ya kifua. Je, jicho na kifua vina uhusiano gani?

Mara nyingi macho mekundu huletwa na vumbi, moshi wa kuni au viini vya kawaida, nayo hupona upesi. Lakini kuna ugonjwa uitwao uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho. Jicho huwa jekundu, huuma, huogopa mwanga, na mgonjwa huona ukungu. Usipotibiwa huweza kuleta presha ya jicho, mtoto wa jicho na hata upofu.

Wakati mwingine uveitisi ni dalili ya ugonjwa ulioenea mwilini. Mmojawapo ni sarkoidosisi. Katika ugonjwa huu, chembe za kinga hujikusanya na kufanya vinundu vidogo kwenye mapafu, tezi, ngozi na macho. Chanzo chake hakijulikani, lakini hauambukizi. Jicho laweza kuugua kabla mtu hajakohoa hata mara moja.

Hapo ndipo picha inaposaidia. Kati ya wagonjwa 10 wa sarkoidosisi, kama 9 huwa nayo kifuani. Eksirei huweza kuonyesha tezi zilizovimba pande zote mbili, pale mirija ya hewa inapoingia mapafuni. Eksirei isipoonyesha kitu na daktari bado ana shaka, huagiza sitiskani, ambayo huonyesha hata tezi ndogo.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi. Kifua kikuu, yaani TB, pia huvimbisha tezi na huweza kushambulia jicho. Kwa hiyo daktari hupima makohozi na damu, au huchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Kukosea hapa ni hatari. Sarkoidosisi hutibiwa kwa dawa za steroidi, ambazo hupunguza kinga ya mwili. Mwenye TB akipewa dawa hizo bila dawa za TB, ugonjwa wake waweza kuenea.

Basi mama, kumbuka haya:

- Jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Usitie jichoni maziwa ya mama, maji ya majani, wala dawa ya jirani.
- Mweleze daktari kama kuna kikohozi, kupungua uzito, au mtu mwenye TB nyumbani.
- Kama una mimba, sema kabla ya kupigwa picha. Miale ya eksirei ya kifua ni kidogo sana, lakini mpigaji picha ni lazima ajue.

Ukitumwa kupigwa picha ya kifua, usikatae. Huenda ndiyo itakayookoa jicho lako.